Mama, Sheria Haikukufunga Mdomo

Ndugu msomaji, safu hii ni ya afya, lakini leo tutazungumza habari za mahakama. Usishangae. Mtoto akibakwa, mara nyingi watu wa kwanza kumwona ni mama yake na sisi wa zahanati. Baadaye sote huitwa kutoa ushahidi.

Tuanze na umri. Ridhaa maana yake ni kukubali kwa hiari. Tangu mwaka 1998, sheria ya Tanzania inasema kwamba mwanamume akilala na msichana ambaye hajatimiza miaka 18, amebaka. Akubali asikubali, amebaka. Kusema "alikubali mwenyewe" hakumsaidii mshtakiwa. Wazee wa ukoo wakikaa na kutozana mbuzi, kosa bado lipo. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kama mtoto ana umri chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha.

Sheria ile iliacha mlango mmoja: mke wa miaka 15 au zaidi. Hii ni kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 Ndugu Rebeca Gyumi alipinga jambo hilo Mahakama Kuu, akashinda. Serikali ilikata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu, ikatoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Mimi nasema kama mtu wa zahanati: nyonga ya msichana wa miaka 15 mara nyingi haijamaliza kukua. Uchungu ukikwama usiku, na gari hakuna, idhini ya baba haitamsaidia.

Sasa tuje kwa mama. Nimesikia mara nyingi maneno haya: "Yule ni mume wangu, sheria hairuhusu nimshuhudie." Mama mmoja aliniambia hivyo huku mtoto amelala kitandani mbele yetu. Maneno hayo ni nusu ya kweli, na nusu hiyo inaumiza watoto.

Sheria ya Ushahidi ya 1967 inasemaje? Tuseme mume ameshtakiwa kwa kuiba ng'ombe wa jirani. Mke akitaka, anaweza kutoa ushahidi dhidi yake. Asipotaka, halazimishwi. Hakimu lazima amweleze haki hiyo kabla hajaanza kusema, na aandike kwamba amemweleza. Asipoandika, ushahidi huo haupokelewi. Mke akishtakiwa, mume naye ana haki hiyo hiyo.

Lakini kesi ya ubakaji ni tofauti. Kesi ya kumdhuru mke mwenyewe, au watoto wao, nayo ni tofauti. Hapo ndoa haimfichi mtu. Mke anaruhusiwa kusema, na mahakama inaweza kumlazimisha hata kama hataki. Katika ndoa ya wake wengi, mtoto wa mke mwenzako naye analindwa vivyo hivyo. Naona lazima hiyo inamsaidia mama. Mashemeji wakimwuliza kwa nini amemsema mumewe, atajibu: "Nimeitwa na mahakama."

Mtoto naye husikilizwa. Wa miaka 14 au chini anaweza kusema bila kiapo, akiahidi kusema kweli na siyo uongo. Katika kesi hizi, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, inaweza kumtia mshtakiwa hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake.

Je, ufanye nini siku ile? Usimwogeshe mtoto. Usifue nguo zake. Zifunge katika karatasi, uje nazo. Mlete mapema, kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Msichana aliyevunja ungo anaweza pia kupewa dawa ya kuzuia mimba, kabla ya siku 5 kupita. Polisi watakupa fomu namba 3, yaani PF3, nasi tutajaza tuliyoyaona. Kama kituo cha polisi ni mbali, anza kwetu.

Njoo pia na kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa. Mama anaweza kuthibitisha umri wa mtoto kwa maneno yake, lakini karatasi humwongezea nguvu. Kadi hiyo uitunze mahali pakavu, mbali na panya, hata kama mtoto amekwisha maliza chanjo.