Kufunga Breki kwa Mguu wa Kushoto
Magari madogo yaliyotumika yanayonunuliwa na wakazi wa Bariadi na Maswa, kama vile Toyota IST na Vitz, mengi huvutwa na magurudumu ya mbele na hayana klachi. Mguu wa kushoto ukikosa kazi, baadhi ya madereva huupeleka kwenye breki.

Mbinu hiyo ilienezwa na madereva wa mashindano wa Ulaya Kaskazini. Dereva hugusa breki bila kuachia mafuta. Uzito huelemea mbele, tairi za mbele hushika njia, nyuma huwa nyepesi na gari hukata kona. Kwenye udongo mweusi wa mbuga uliolowa, wepesi huohuo waweza kuligeuza gari. Kwa maoni yetu, dereva wa kawaida haihitaji.

Mguu uliozoea klachi hukanyaga breki kwa nguvu kupita kiasi, na aliye nyuma yako hushtukizwa. Ukiupumzisha hapo, taa za breki huwaka wakati wote na pedi huisha mapema. Anayetaka kujifunza atumie uwanja mtupu, kwa mwendo mdogo, pamoja na mwalimu. Si barabara ya Bariadi–Lamadi.

Anayenunua gari kwa mtu mwenye mazoea hayo amwombe fundi afungue magurudumu, akague pedi na diski kabla fedha hazijalipwa.