Askofu: Neno Lililofika Pwani kwa Njia ya Mashariki

Kabla ya kuwa cheo cha kanisa, askofu alikuwa ofisa wa serikali. Kwa Kigiriki cha kale, episkopos ni mtu aliyewekwa juu ya wengine ili awatazame: epi ni "juu ya", skopos ni "mtazamaji". Athens, ilipokuwa na nguvu katika karne ya 5 kabla ya Kristo, iliwatuma maofisa wa jina hilo kwenye miji iliyokuwa chini yake, wakahakikishe mambo yanakwenda inavyotaka yenyewe. Ukoo wa cheo hiki ni wa wakaguzi na wasimamizi.

Wakristo wa kwanza walilichukua neno hilo bila kulipa uzito mkubwa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 20, Paulo anawaita wazee wa kanisa la Efeso, kisha anawaambia hao hao kwamba wao ni episkopoi. Mzee na msimamizi walikuwa mtu mmoja. Barua za Ignatius wa Antiokia, za mwanzoni mwa karne ya 2, zinaonyesha mpangilio mwingine: askofu mmoja juu, wazee na mashemasi chini yake. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, imehifadhi hali zote mbili. Kwenye Matendo 20:28 imeandika "waangalizi", na kwenye Wafilipi 1:1 imeandika "maaskofu", ingawa neno la Kigiriki ni lile lile.

Kutoka kwa Wagiriki neno lilishika njia mbili. Ya magharibi ilipitia Kilatini, episcopus, na midomo ya watu ikalichonga kila mmoja kwa namna yake. Waitaliano wakasema vescovo, Wahispania obispo, Wareno bispo, Wajerumani Bischof, Waingereza bishop. Kifini, ambacho hakikuwa na b ya asili, kikapata piispa. Wafaransa wana évêque, na ile alama juu ya e ya pili ni kaburi la s iliyokuwa ikitamkwa zamani. Ukiliweka évêque kando ya bishop hutaona hata herufi moja wanayoshirikiana, ilhali ni ndugu wa tumbo moja. Kule Scotland, wasemaji wa Kigaeli husema easbuig, na ndimo lilimotoka jina la ukoo Gillespie, maana yake mtumishi wa askofu.

Njia ya mashariki ilipitia Kisiria, lugha ya Kiaramu ya Wakristo wa Syria na Mesopotamia, ikaingia Kiarabu. Kiarabu hakina p. Sauti hiyo ikageuka f, kichwa cha neno kikaanguka, likabaki usquf. Masimulizi ya sira ya Mtume Muhammad yanaueleza ujumbe wa Wakristo wa Najran waliofika Madina, na miongoni mwao anatajwa Abu Haritha kwa cheo hicho hicho.

Mkondo huu wa pili ndio uliofika pwani ya Afrika Mashariki, na hapo pana jambo la kushangaza kidogo, kwa sababu waliohubiri Ukristo huku walitoka Ulaya. Wareno walifika mwaka 1498, na watawa wa Mtakatifu Agustino wakawa na nyumba Mombasa tangu 1597. Walituachia "padri". Bispo hakuota mizizi, huenda kwa kuwa kanisa la pwani lilitawaliwa kutoka Goa, India: padri alionekana mtaani, mkubwa wake alisikika tu. Katika karne ya 19 wakaja wamisionari wengine, wakiwamo Waanglikana wa misheni ya UMCA waliohamia Unguja mwaka 1864 na baadaye wakaongozwa na Edward Steere, bingwa wa Kiswahili. Lugha waliyoikuta ilikuwa imezoea kuchota msamiati wa dini kutoka Kiarabu. Kanisa, injili, shemasi na kasisi yote yamepita huko, na askofu ni wa msafara huo. Ndiyo maana Mwanglikana wa Tanga humwita kiongozi wake kwa jina lililo karibu zaidi na la Mkopti wa Kairo kuliko la mwenzake wa Canterbury.

Kiswahili kililipokea bila taabu. Q ikawa k, mwisho ukapata irabu, na sk ilikuwa imeshazoeleka katika askari na maskini. Wingi ni maaskofu, kama mabwana na makarani, lakini upatanisho ni wa watu: maaskofu wamefika. Neno likazaa uaskofu na kiaskofu. Kwa Wakatoliki wa Tanzania utasikia "Mhashamu Askofu"; kwa Walutheri, "Baba Askofu".

Majirani walikwenda njia zao. Waanglikana wa Uganda hawakukopa sauti ya neno, walitafsiri maana: Omulabirizi hutokana na kulabirira, yaani kutunza na kusimamia, na mkuu wao ni Ssabalabirizi. Rwanda, Musenyeri ametokana na Monseigneur ya Kifaransa, namna ya kumwita mkubwa kwa heshima iliyogeuka kuwa cheo.

Si makanisa yote yaliyokipenda cheo hiki. Wapresbiteri wa Kenya, PCEA, wanaongozwa na moderata hadi leo. Africa Inland Church, lililotokana na misheni isiyokuwa na maaskofu, sasa linao Kenya na Tanzania. Katika makanisa ya Kipentekoste jina limeenea zaidi: mwanzilishi wa kanisa lenye tawi moja anaweza kuitwa askofu, sawa na anayesimamia jimbo lenye parokia nyingi. Kwa hiyo cheo chenyewe hakitoshi tena kumwambia msomaji ukubwa wa mamlaka ya mtu. Sharti aulize pia ni askofu wa kanisa gani, na nani aliyemweka wakfu.