Kabla ya Kuamua, Jiulize

 

Mtoto wako wa mwaka mmoja anahara tangu asubuhi. Jirani anasema ni meno. Mama mkwe anasema usimpe maji, yatamzidishia. Na kabatini kuna dawa ya kakake iliyobaki mwezi uliopita. Wote hawa wanakutakia mema, lakini anayeamua ni wewe.

Kwanza mtazame mtoto. Ikiwa hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au haamki, au choo chake kina damu, hapo hakuna la kujiuliza. Mpeleke hospitalini sasa hivi.

Ikiwa hana dalili hizo, tulia dakika mbili ujiulize: mimi mwenyewe nimeona nini? Si nimeambiwa nini. Amehara mara ngapi? Amekojoa? Macho yameingia ndani? Ukiifinya ngozi ya tumbo na kuiachilia, inarudi haraka au polepole? Ikirudi polepole, au macho yakiwa yameingia ndani, amepungukiwa na maji. Nenda kituo cha afya. Kuhusu meno, mama, hayaleti kuhara. Mtoto anayeota meno hutia kila kitu mdomoni, na uchafu huingia naye.

Swali la pili ni gumu zaidi: ninaogopa nini? Labda ni nauli. Labda safari iliyopita ulifokewa mbele ya watu. Labda baba watoto atasema unapoteza pesa. Hofu hizo ni za kweli, na si aibu kuwa nazo. Lakini ukishaitaja hofu yako moyoni, utajua kama unasema "tungoje kesho" kwa sababu mtoto ana nafuu, au kwa sababu hutaki kufokewa tena.

Halafu ile dawa ya kabatini. Jiulize, iliandikiwa nani, na kwa ugonjwa gani? Kuhara kwingi kwa watoto hakutibiwi na dawa za kuua bakteria. Kinachomsaidia ni kunyonya, chakula chake cha kawaida, na ORS iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mwongezee zinki: miligramu 20 kila siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Mtoto akishapona, keti na baba watoto au yeyote mnayesaidiana. Zungumzeni: ni nini kilituchelewesha? Ikiwa ni nauli, itengeni kidogo kidogo kuanzia wiki hii, na mkubaliane ni nani atabaki na wale wengine mkilazimika kutoka usiku.