Gari la babu lisiuzwe kwa kilo kabla kijana hajashika spana

KATIKA pande za Tulia, kaunti ya Kitui, kama ilivyo kwingineko Ukambani, si ajabu kupita karibu na boma na kuona gari kongwe limeegeshwa chini ya mwembe, magurudumu yamekwisha upepo na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma.

Aghalabu huwa ni Peugeot 404 au 504, au Land Rover ya zamani, na mwenyewe ni babu aliyekwisha kuaga dunia. Enzi zake lilikimbiza wagonjwa hospitalini, likabeba maharusi na kupeleka magunia ya ndengu sokoni. Siku injini ilipokataa kuwaka, lilisukumwa hadi kivulini, likaachwa hapo.

Gari kama hilo hukodolewa macho na watu wawili. Wa kwanza ni mnunuzi wa vyuma vikuukuu, anayepita na mizani yake akiuliza bei. Wa pili ni kijana wa miaka 15 au 16 aliyerejea nyumbani kwa likizo, ambaye kila jioni hufungua boneti na kutazama asichokijua.

Uamuzi ni wa mzazi, nao si mwepesi. Kwa mizani, fedha hupatikana siku hiyo hiyo. Kwa spana, fedha hutoka kwanza, na huenda gari lisisogee kwa mwaka mzima au zaidi. Hata hivyo, gari likishasagwa halirudi, na lingine la aina hiyo ni vigumu kulipata. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa magari yaliyotumika ambayo yamepita umri wa miaka minane. Kwa hivyo, akiba ya magari ya kale iliyopo ni hii iliyosalia mabomani na katika gereji za humu nchini.

Sifa za magari hayo hazikutokana na matangazo. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mnamo 1963, 1966, 1967 na 1968, nayo 504 ikashinda 1975 na 1978. Barabara zilizokuwa zikivunja magari mengine ndizo zilizoyapa haya jina.

Mzazi anayehofia kwamba gereji itampotezea mwanawe muda anaweza kumkumbuka marehemu Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mnamo 1932 na kujifunza umakanika katika gereji ya babake. Mwaka 1965, akiwa na nduguye Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika. Alishinda tena 1974 na 1976, na Wakenya wakamwita Simba. Si kila kijana atakuwa bingwa, lakini mkono uliozoea kufungua na kufunga mashine chini ya jicho la mzazi haukosi kazi.

Kinachowashinda wengi si ufundi bali mpangilio. Hununua rangi kabla ya breki, na huwasha injini kabla ya kuuliza gari ni la nani.

Swali hilo la mwisho ndilo linalopaswa kutangulia. Ikiwa kitabu cha usajili kingali na jina la babu aliyefariki, gari ni sehemu ya mirathi yake. Sheria ya Urithi, katika kifungu cha 45, inafanya kuwa kosa kwa mtu kujitwalia au kuuza mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Gari bovu halina mgombeaji. Siku litakaponguruma likiwa na rangi mpya, ami na shangazi watakumbuka kwamba nao ni watoto wa marehemu.

Njia salama ni familia kuketi, kukubaliana nani alichukue, na makubaliano hayo yaingizwe katika kesi ya mirathi mahakamani. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa, ndipo umiliki unapoweza kuhamishwa kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA). Kwa kuwa kijana aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho cha kitaifa, jina litakaloandikwa ni la mzazi.

Hatua ya pili ni kupima kama gari linafaa kuokolewa. Hapa Kitui ina bahati. Hewa ya ukame haina chumvi kama ya Mombasa, hivyo bati lililoachwa Tulia kwa miaka 20 laweza kuwa zima kuliko lililoachwa pwani kwa miaka mitano. Jua, kwa upande wake, hukausha mpira na kupasua dashibodi, panya hutafuna nyaya, nao nyigu hujenga ndani ya mabomba membamba ya mafuta.

Kutu itafutwe mahali inapojificha: chini ya mazulia, kwenye kingo za chini ya milango na mahali springi zinaposhikilia bodi. Peugeot 404 na 504 za saluni hazina fremu ya kando. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, na sakafu ikioza, gari limevunjika mgongo. Land Rover za zamani ni kinyume chake. Bodi yake ni ya alumini isiyoshika kutu ya chuma, lakini fremu iliyo chini yake ni ya chuma na huoza kimyakimya. Kijana apewe nyundo ndogo agongegonge. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa.

Ikiwa uti wa mgongo umekwisha, ni heri mzazi amwambie mwanawe ukweli mapema. Gari hilo laweza kuwa chanzo cha spea za lingine, na kulifungua kipande kwa kipande bado ni somo.

Kabla ya kazi yenyewe kuanza, kuna masharti ambayo hayafai kulegezwa. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, bali liegemezwe juu ya stendi au magogo imara. Tangi la petroli liondolewe kabla ya mtu yeyote kuchomelea chuma. Vumbi la breki na klachi za zamani lisipulizwe, kwani huenda lina asbestosi inayodhuru mapafu. Lilowanishwe kwa maji na kupanguswa.

Injini iliyolala miaka mingi haiwashwi kwa betri mpya siku ya kwanza. Pistoni zilizoshikana na silinda zikilazimishwa na stata, kitu huvunjika. Plagi hufunguliwa, mafuta mepesi kiasi humiminwa katika kila silinda na kuachwa kwa siku kadhaa, kisha injini huzungushwa kwa mkono polepole. Peugeot 404 ilikuja na hendeli ya kuzungushia injini kutoka mbele, na kijana atahisi kwa mkono wake iwapo injini imelegea.

Ikikataa, matumaini hayajaisha. Injini za petroli za 404 na 504 zina mikebe ya silinda inayochomolewa. Fundi anaweza kutoa mikebe na pistoni zilizochakaa na kuingiza seti nyingine, bila kupeleka bloku nzima kukerezwa. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoyafanya magari hayo yapendwe na mafundi wa jua kali. Udhaifu wake ni kichwa cha injini cha alumini, ambacho hupinda injini ikichemka. Kwa hivyo, rejeta, mabomba ya maji na pampu vikaguliwe kabla ya kujivunia mngurumo.

Petroli ya zamani nayo huganda kama gundi. Tangi lioshwe, kabureta ifunguliwe na kusafishwa. Kenya iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na baadhi ya injini kongwe zenye vichwa vya chuma zilitegemea risasi hiyo kulinda vikalio vya valvu. Fundi mjuzi ataeleza iwapo injini iliyopo inahitaji vikalio vigumu zaidi.

Baada ya injini ni breki, na hapa mzazi asikubali kubahatisha. Mpira wote wa mfumo huo, kuanzia mabomba hadi vizibo vya silinda, hubadilishwa hata kama unaonekana mzima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na unyevu huo hula chuma kwa ndani. Kijana anaweza kufungua na kusafisha, ila kazi ya kufunga na kupima ithibitishwe na fundi aliyehitimu.

Tairi nazo zisihukumiwe kwa meno yake. Zilizotengenezwa tangu 2000 zina tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye meno mazuri lakini iliyopigwa na jua kwa miongo miwili hupasuka ikishika kasi.

Spea ndiyo safari ya baba na mwana. Nyingi hutafutwa Nairobi, katika maduka ya Kirinyaga Road ambako wengi bado huita Grogan. Ni busara kubeba kipuri cha zamani mkononi ili kilinganishwe. Ambacho hakipatikani, kama vile bushi, fundi wa mashine ya kukereza anaweza kukichonga.

Gharama hazina kikomo iwapo hazina daftari. Kijana aandike kila shilingi, kila bolti aiweke katika mkebe wenye jina, na kila sehemu aipige picha kwa simu kabla ya kuifungua. Anayesahau hatua hii hujikuta na gari ndani ya ndoo tatu, asijue kipi hufuata kipi. Kazi ipangiwe likizo za Aprili, Agosti na Desemba, ili masomo yasigeuke kafara ya gereji.

Rangi huja mwisho kabisa. Inayopakwa mapema hukwaruzwa na spana, na mbaya zaidi, huficha kutu ambayo haijatibiwa.

Ndipo lije suala la barabara. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuendesha gari barabarani, na gari lenyewe ni lazima liwe na bima ya kuwalinda watu wengine. Barabara ya kijijini nayo ni barabara, na mtoto anayevuka kwenda dukani hajui kwamba dereva anajifunza. Baba anayempa mwanawe ufunguo 'azunguke kidogo tu' hubomoa kwa dakika moja yale aliyoyajenga kwa miaka miwili.

Yamkini hili ndilo somo gumu kuliko yote: kijana atalifufua gari ambalo hawezi kuliendesha. Siku litakapotoka chini ya mwembe, atakayeshika usukani ni mzazi. Mwana ataketi kiti cha kushoto, daftari mapajani, akisikiliza kila mlio, kwa kuwa ndani ya boma hilo hakuna anayelijua gari hilo kumshinda yeye.