Bati la Walikale ndani ya sanduku la nyaya

Katika utendi wa Wanyanga wa Walikale, mashariki mwa Kongo, Mwindo ni mtoto asiyetakiwa na baba yake. Baba huyo, Chifu Shemwindo, aliwaamuru wake zake wazae wasichana tu. Alipozaliwa mvulana alijaribu kumwua, akashindwa, mwishowe akaamuru afungiwe ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Lakini ngoma iliibuka juu ya maji. Wasichana waliokwenda kuteka maji waliiona ikizunguka, wakakimbia kijijini Tubondo kuita watu, na watu walipofika walisikia mtoto akiimba humo ndani.

Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke alisimulia utendi huo kwa siku 12 mbele ya mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck. Hakukaa kitini akisoma. Aliimba, akacheza, akatikisa kayamba ya kibuyu, njuga zikilia miguuni, huku vijana kando yake wakigonga kipande cha mti kushika mwendo. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1969, Biebuyck akiwa ameshirikiana na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Maneno yakapata ukurasa. Kayamba, njuga na kile kipande cha mti haviwezi kuandikwa. Hivyo vinahitaji chombo cha kunasa sauti.

Upo muziki unaoanzia hapo hapo, kwenye chombo cha kunasa sauti. Mtunzi hachukui gitaa wala kinanda. Anachukua sauti yenyewe, ya mvua, ya mlango, ya umati sokoni, au sauti iliyozalishwa na umeme mtupu, kisha anaikata, anaigeuza, anaivuta na kuichuja hadi igeuke kitu kipya. Wataalamu huuita muziki wa elektroakustika. Vitabu vingi huanza kuusimulia kwa Mfaransa Pierre Schaeffer na majaribio yake ya redioni Paris mwaka 1948. Ukweli ni kwamba Afrika ilitangulia. Mwaka 1944 Mmisri Halim El-Dabh aliazima mashine iliyonasa sauti kwenye waya wa chuma, akaipeleka Cairo kwenye zar, ngoma ya wanawake ya kupunga pepo. Aliporudi studio aliondoa sehemu za sauti, akaongeza mwangwi, hadi waimbaji wakawa kama upepo unaovuma kutoka mbali. Hiyo ni miaka minne kabla ya Schaeffer, na inastahili kutajwa kila historia hii inaposimuliwa.

Mashine iliyokuja kuwa alama ya muziki huu ilizaliwa Marekani mwaka 1963 na 1964, pale Robert Moog katika jimbo la New York na Don Buchla huko California walipotengeneza, kila mmoja kwa njia yake, sinthesaiza ya moduli. Ukiiona mara ya kwanza utadhani ni kituo cha simu cha zamani: sanduku lenye vipande vingi vya bati, vitufe vya kuzungusha, taa ndogo, na nyaya za rangi zinazoning'inia huku na huku. Kila kipande ni moduli, na kila moduli ina kazi moja. Hii inazaa mlio. Ile inachuja, ikipunguza ukali au uzito. Nyingine inafungua na kufunga sauti kama mlango. Peke yake hakuna inayopiga muziki. Mwanamuziki anaziunganisha kwa nyaya, na kila anapohamisha waya mmoja, ala nzima inabadilika.

Siri yake ni kwamba umeme ni sauti na pia ni amri. Volti zinazotoka kwenye moduli moja zinaweza kuiambia nyingine ipandishe au ishushe mlio. Katika mashine nyingi, volti 1 ikiongezeka, sauti hupanda oktavu 1. Katikati ya miaka ya 1990 Mjerumani Dieter Doepfer alileta vipimo vya moduli ndogo ambavyo watengenezaji wengi duniani wamevifuata. Tundu lake la waya ni la milimita 3.5, lile lile la kuchomeka visikilizio kwenye redio.

Na mlio wenyewe unatoka wapi? Ndani ya moduli inayozaa sauti kuna kapasita, kijisehemu kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi sana. Mfikirie mtu anayejaza ndoo bombani: ikijaa anaimwaga, anaanza tena. Kapasita hujaa na kumwagika hivyo hivyo. Ikifanya hivyo mara 440 kwa sekunde, spika inatikisika mara hizo hizo, na sikio linasikia la, noti ambayo wapiga ala wengi hurekebishia ala zao. Ongeza kasi ya kujaa, sauti inapanda. Ipunguze sana, muziki unavunjika kuwa mapigo, tak, tak, tak, kama kipande cha mti cha vijana wa Rureke.

Hapo ndipo Masisi na Walikale zinapoingia ndani ya sanduku. Koltan ya Rubaya, katika teritwari ya Masisi, ndiyo mama wa tantali, madini yanayotengenezewa kapasita ndogo zenye uwezo mkubwa. Si kila kapasita ni ya tantali. Hata hivyo sinthesaiza nyingi za miaka ya 1970 zilikuwa nazo, na hadi leo zimo ndani ya kompyuta na mashine za kurekodi. Kasiterite ya Walikale inazaa bati. Hapa msomaji asichanganye: mabati ya kuezekea nyumba ni chuma kilichopakwa zinki. Bati halisi ni madini laini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, na ndiyo sababu fundi hulitumia kulehemu. Risasi ya kulehemu inayotumika viwandani siku hizi, ingawa inaitwa risasi, ni zaidi ya asilimia 95 bati. Hakuna sinthesaiza isiyo na bati. Kila sauti inayopita ndani yake imepita juu ya matone ya madini hayo.

Makrezeri (wachimbaji wadogo) wa Bisie, Walikale, walianza kuchimba kasiterite mapema miaka ya 2000. Wabebaji walitembea msituni kama siku mbili, kila mmoja na mzigo wa kilo 50 hivi mgongoni, na ndege zilitua kwenye barabara ya lami ya Kilambo kuupeleka mzigo Goma. Leo Bisie ina mgodi wa kampuni ya Alphamin uliotoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, takriban asilimia 6 ya bati linalochimbwa duniani. Machi 2025 kazi ilisimama wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walipoukaribia, ikarejea mwezi uliofuata. Rubaya, inayokadiriwa kutoa asilimia 15 ya tantali ya dunia, ilitekwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Wanaochimba huko wanatumia sururu na majembe, na mashimo yanawaporomokea. Ni dhuluma kwamba madini yao yanaimba katika majumba ya sanaa ya Ulaya ilhali wao hawajulikani humo hata kwa jina la kijiji.

Wakongo hawakungoja kualikwa kwenye muziki wa umeme. Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa bendi ya Konono N°1 alitengeneza vinasa sauti kwa sumaku za vipuri vya magari, akavifunga kwenye likembe, ala inayopigwa kwa vidole gumba. Albamu yao ya mwaka 2004 iliwashangaza wapenzi wa muziki wa majaribio duniani. Rey Sapienz, Mkongo aliyehamia Kampala, alitoa albamu mwaka 2021 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya huko. Naye mwanamuziki KMRU wa Nairobi, mjukuu wa mwimbaji Joseph Kamaru, alitumia rekodi za jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, zilizochukuliwa Afrika ya Kati enzi za ukoloni, akatunga nazo kazi ya mwaka 2022 inayouliza sauti hizo ni za nani.

Sanduku kamili la moduli ni ghali mno kwa kijana wa Goma, seuze wa Masisi. Lakini programu ya VCV Rack, inayopatikana bure tangu 2017, inaweka moduli na nyaya zake kwenye skrini ya kompyuta ya kawaida. Na simu inatosha kurekodi. Kijana mwenye simu aanze na wazee wanaojua utendi wa Mwindo: anase sauti zao, njuga na kipande cha mti, aandike jina la mzee, kijiji na tarehe, ahifadhi nakala mbili. Kisha ndipo afungue programu.