Waya Mweusi Una Maana Gani? Rangi za Nyaya za Umeme na Hatari ya Kuzisoma Vibaya

Mtu akifungua plagi ya pasi atakuta ndani yake nyaya tatu: mmoja wa kahawia, mmoja wa buluu, na wa tatu wenye mistari ya kijani na manjano. Akizichuna ataona kwamba zote ni shaba ileile. Umeme hauna rangi, wala shaba haijui imevikwa nini. Rangi ni habari ambayo fundi mmoja humwachia mwingine, aghalabu mtu asiyemfahamu, na pengine baada ya miaka arobaini.

Uzito wa habari hiyo waweza kuonyeshwa darasani kwa betri za tochi, balbu yake na swichi. Swichi ikiwekwa kwenye waya utokao ncha chanya ya betri, balbu huwaka na kuzimika. Ikihamishiwa kwenye waya wa ncha hasi, balbu huwaka na kuzimika vilevile. Mwanafunzi atasema kwamba hakuna tofauti, na kwa betri atakuwa amesema kweli.

Umeme wa nyumbani si hivyo. Kwenye transfoma ya mtaa, mmoja wa nyaya umeunganishwa na ardhi. Huo ndio uitwao nyutro, na volti zake, zikipimwa kutoka ardhini, hukaribia sifuri. Mwenzake, ambao mafundi huuita laivu au waya wa moto, una volti 230 hivi kuliko ardhi ambayo mtu huikanyaga. Sasa tuseme fundi amekosea, akaiweka swichi ya taa kwenye nyutro. Taa itawaka, itazimika, na mwenye nyumba atamlipa fundi na kumshukuru. Lakini hata taa ikizimwa, holda yake ingali na volti 230, na mtu apandaye juu ya kiti kubadilisha balbu hudhani yu salama. Fyuzi nayo ikiwekwa kwenye nyutro huleta hatari hiyohiyo: ikikatika, chombo hunyamaza huku kikiwa bado na umeme. Kosa la namna hii halijitangazi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuwapo kwa kanuni za rangi.

Waya wa tatu, yaani ethi, huunganisha ardhi na mwili wa chuma wa chombo. Siku zote hukaa bila kazi. Laivu ikigusa chuma kwa bahati mbaya, mkondo mkubwa hupita kwenye ethi na kuikata fyuzi. Kinyume chake, waya huo ukiunganishwa na laivu, ndio utakaoupeleka umeme moja kwa moja kwenye mkono wa mpiga pasi.

Hatari hiyo iliwahi kuvuka mipaka pamoja na bidhaa. Kwa miaka mingi nyaya za vyombo vya Uingereza zilikuwa nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro, na kijani kwa ethi. Ujerumani, hadi miaka ya 1960, waya mwekundu ulikuwa ethi. Mwingereza aliyenunua chombo cha Kijerumani na kukitia plagi kwa kufuata desturi ya kwao aliupeleka umeme kwenye mwili wa chombo. Mataifa ya Ulaya yakaafikiana juu ya kahawia, buluu, na kijani pamoja na manjano. Uingereza ikatunga sheria ya rangi hizo kwa nyaya za vyombo mwaka 1969.

Uchaguzi wa mistari kwa ethi una hekima. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, wapatao 8 katika kila 100 hupata shida kupambanua nyekundu na kijani. Kwa wanawake hawafiki hata mmoja. Katika utaratibu wa kale wa Uingereza rangi hizo mbili ndizo zilizokuwa laivu na ethi, nyaya ambazo haifai kabisa kuchanganywa! Mistari, kwa kuwa mmoja ni mweupe kuliko mwenzake, huonekana hata na asiyeijua rangi yenyewe. Kanuni ya kimataifa yaagiza kwamba katika kila kipande cha milimita 15, rangi moja ifunike si chini ya asilimia 30 wala si zaidi ya asilimia 70.

Nyaya za ukutani zilichelewa. Uingereza ilizibadili kuanzia Machi 2004, na rangi za kale zikakoma kutumiwa katika kazi mpya mwishoni mwa Machi 2006. Hapa ndipo penye mtego. Katika umeme wa fezi tatu, rangi za kale zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Rangi mpya za fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Buluu na nyeusi zimebadilishana kazi. Ni vigumu kusifu uamuzi huo, ilhali nyaya za kale zingali kutani. Fundi akiidhani fezi ya buluu kuwa nyutro, chombo cha volti 230 chaweza kupata volti 400, nacho huungua. Kwa sababu hiyo kanuni za huko ziliagiza kibandiko cha onyo popote rangi za namna mbili zilipokutana. Afrika Mashariki ilirithi kanuni za Uingereza, kwa hiyo nyumba ya kale yenye nyaya nyekundu na nyeusi, ikiongezwa chumba kwa nyaya za kahawia na buluu, huwa na lugha mbili chini ya paa moja. Msomaji wa vitabu vya Marekani ataongeza ya tatu: huko nyutro ni nyeupe au kijivu, na waya mweusi kwa kawaida ni laivu.

Hata pasipo mchanganyiko huo, waya mweusi wa kale haukuwa nyutro daima. Kwenye swichi ya taa hushuka waya mwekundu ulioleta umeme, na mweusi huurudisha kwenye taa. Taa ikiwaka, mweusi huo ni laivu. Kanuni za wakati huo zilitaka ncha zake zivikwe alama nyekundu, lakini wengi hawakujisumbua. Asiyejua hilo huzikusanya darini nyaya zote nyeusi pamoja, na mara swichi inapowashwa fyuzi hukatika.

Kwa hiyo fundi mwangalifu, akiisha kuzima swichi kuu, hupima kila waya kwa kipimio cha volti chenye ncha mbili. Kwanza hukijaribu kipimio kwenye umeme anaoujua, kisha hupima nyaya atakazozishika, halafu hurudia kukijaribu kwenye umeme uleule, kwa maana kipimio kilichoharibika nacho huonyesha sifuri.