Gapi Akiwa na Mimba: Kumtunza Yeye na Vifaranga Wake Hapa Minnesota

Kila mwezi wa tisa wanafunzi wapya wanapoingia, hawakosi wawili watatu wanaonunua tangi dogo la samaki la kuweka pembeni ya meza ya kusomea. Sababu inaeleweka: mkataba wa nyumba haruhusiwi paka, mbwa ndiyo usiseme, na chumba kisicho na kiumbe mwingine kinachosha, hasa baridi ikianza. Wengi huchukua gapi, moli, plati au mkia-upanga, maana hawa ni bei rahisi na wana rangi za kupendeza. Wiki mbili hazipiti, maswali yanaanza: "Kaka, samaki wangu kavimba tumbo, anaumwa?" Haumwi. Ana mimba, na yawezekana kabisa alikuja nayo kutoka dukani.

Swali la pili huwa, samaki anazaaje? Wenzetu wa bara hushangaa zaidi kuliko wa pwani. Mvuvi yeyote aliyewahi kupasua papa jike anajua kwamba papa wengi hubeba watoto tumboni. Na yule silikanti, samaki wa kale anayenaswa Komoro na kule Tanga, naye ni mzazi wa namna hiyo hiyo: mwaka 1975 wataalamu wa makumbusho ya New York walimpasua jike mmoja wakamkuta na watoto watano tumboni, tayari wana umbo la mama yao. Mpaka hapo watu walikuwa wakibishana kama anataga au anazaa.

Gapi naye yuko katika kundi hilo, ingawa hana ukoo na papa wala silikanti. Kwao ni Venezuela, Trinidad na majirani zake. Jina lake linatokana na Bwana Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka Trinidad. Mwaka 1866 wakapewa jina lake, kumbe Mjerumani Wilhelm Peters alikuwa amekwisha kuwaeleza tangu 1859 kwa samaki waliotoka Venezuela. Jina la kisayansi likabaki la Mjerumani, jina la mtaani likabaki la Guppy. Baadaye wakasambazwa nchi nyingi za joto, Afrika Mashariki ikiwemo, kwa matumaini kwamba watakula viluwiluwi vya mbu na kupunguza malaria. Kwa hiyo usishangae ukimkuta gapi kwenye mfereji nyumbani. Yeye pia ni mhamiaji kama sisi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Dume la gapi ni dogo, lina mkia mpana wa rangi, na pezi lake la chini, nyuma ya tumbo, limekuwa jembamba kama kijiti. Hicho kijiti ndicho anachotumia kupandishia. Jike ni mkubwa, rangi yake imefifia, na pezi lile lile kwake limefunguka kama kipepeo kidogo. Yai halitoki nje. Linabaki tumboni, mtoto anakua kwa kutumia kiini cha yai lake, na anapozaliwa anajua kuogelea na kutafuta chakula dakika hiyo hiyo. Gapi hubeba mimba kwa wiki tatu hadi nne hivi, kutegemea joto la maji. Plati na mkia-upanga wanakaribiana naye. Moli huchukua muda zaidi, mwezi na kuendelea.

Jambo linalowashinda wengi kuamini ni hili: jike akipandwa mara moja huhifadhi mbegu mwilini, akazaa mara kadhaa kwa miezi bila kuona dume tena. Ndiyo maana ukinunua majike watupu ukidhani umejikinga, bado utapata watoto. Anayetaka rangi bila uzazi anunue madume watupu. Anayetaka wote wawili aweke dume mmoja kwa majike wawili au watatu, la sivyo dume atamsumbua jike mmoja mchana kutwa mpaka adhoofike.

Dalili ya mimba ni doa jeusi karibu na lile pezi la chini. Kadiri siku zinavyosonga doa linapanuka na kukolea, na tumbo, ukilitazama kwa mbele, linaacha kuwa la mviringo, linakuwa kama la pembe nne. Kwa jike wa rangi ya dhahabu au nyeupe unaweza hata kuona macho ya watoto ndani, vijidoa vidogo vidogo. Siku ikifika mama hujitenga, hukaa pembeni karibu na hita au chini ya majani, huenda akakataa chakula. Muache. Watu wengi wanapoona hivyo ndipo wanapochukua wavu wamhamishe, na hapo ndipo wanapoharibu: jike aliyeshtuliwa siku za mwisho anaweza kuzaa kabla ya wakati, watoto wakatoka na kiini cha yai bado kinaning'inia tumboni, wengi wao hawaishi. Kama unataka kumhamisha, fanya wiki moja kabla, kwenye tangi lenye maji yale yale na joto lile lile.

Vile visanduku vya plastiki vya kuzalia, vinavyoning'inizwa ndani ya tangi, mimi sivipendi. Ni vidogo mno, mama anagongagonga kuta humo kwa siku kadhaa. Majani ni bora zaidi. Weka yale majani laini ya Java yaliyo kama nywele, au mmea wowote unaoelea wenye mizizi mingi, yajae kona moja mpaka huoni ndani. Vifaranga wakizaliwa hukimbilia humo, na wakubwa hawawezi kuwafuata. Maana lazima tuseme ukweli, jamani: mama huyu huyu akimaliza kuzaa atawala wanawe. Hana ukatili wowote, kwake kitu kidogo kinachopita mbele ya mdomo ni chakula. Mlishe vizuri siku hizo, itapunguza, haitamaliza.

Kinachoua vifaranga wengi hapa kwetu lakini si mama. Ni maji ya bomba, na hapa naomba tukae kidogo.

Nyumbani tumezoea kulaza maji kwenye ndoo usiku mmoja, klorini inaruka, asubuhi maji yako safi kwa samaki. Kwa klorini ya kawaida njia hiyo inafaa. Lakini Minneapolis na Saint Paul hutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kwa sababu hudumu zaidi ndani ya mabomba marefu. Kwa sisi tunaokunywa haina neno. Kwa samaki ni sumu, na hairuki kwa kulaza ndoo usiku mmoja wala mbili. Ni lazima ununue dawa ya kutibu maji, ile iliyoandikwa kwenye chupa kwamba inashughulikia kloramini, si klorini peke yake. Tofauti ni kubwa: dawa ya klorini tu huvunja ule muungano, kisha amonia inabaki huru ndani ya tangi. Na maji ya miji hii yote miwili hupunguzwa ugumu kwa chokaa, hivyo yanaelekea upande wa alkali, na katika maji ya alkali amonia ni kali zaidi kuliko katika maji ya kawaida. Kifaranga wa milimita saba hana akiba ya mwili ya kuvumilia hiyo.

Habari njema ni kwamba hawa samaki wenyewe wanapenda maji ya alkali, hawapendi yenye asidi, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na dawa za kubadilisha maji. Tibu kloramini, basi.

Lingine ni tangi jipya. Uchafu wa samaki hutoa amonia. Bakteria wanaokaa kwenye sponji ya kichujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huchukua kama wiki nne mpaka sita kuzaliana vya kutosha. Mtu anayenunua tangi Jumamosi na samaki Jumamosi hiyo hiyo anawaingiza kwenye choo kisicho na bomba la kutolea. Njia ya mkato ipo: omba kwa rafiki mwenye tangi zima kipande cha sponji yake chafu, weka kwenye kichujio chako. Hicho kitu cheusi chenye utelezi ndicho dhahabu. Usiioshe sponji kwa maji ya bomba, utawaua bakteria kwa kloramini ile ile. Iminye ndani ya ndoo ya maji uliyotoa kwenye tangi.

Kichujio chenyewe kiwe cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Vile vinavyovuta maji kwa nguvu humeza vifaranga wote usiku mmoja, asubuhi unajiuliza wamekwenda wapi. Kama unacho cha aina hiyo, funika mdomo wake kwa sponji au kipande cha soksi nyembamba.

Halafu kuna baridi yetu. Samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, yaani 75 hadi 80 za Fahrenheit. Hita ni lazima, na kipimajoto cha dola chache pia ni lazima, maana hita hudanganya. Usiweke tangi dirishani wala juu ya rejeta. Maji ya miji yetu hutoka mto Mississippi, kwa hiyo mwezi wa kwanza yanatoka bombani kama barafu iliyoyeyuka. Ukimwaga ndoo moja ya hayo ndani ya tangi la galoni 10 umewaua kwa mshtuko. Chemsha maji kidogo kwenye birika, changanya ndooni mpaka kipimajoto kilingane na cha tangi, tia dawa, ndipo umwage taratibu. Badilisha kama robo ya tangi kila wiki, na palipo na vifaranga wengi ni bora kidogo kidogo mara mbili.

Kununua samaki wakati wa baridi nako kuna adabu yake. Ukisubiri Green Line pale West Bank dakika kumi huku mfuko wa samaki umeushika mkononi, utafika nyumbani na supu baridi. Beba kisanduku kidogo cha kuhifadhia chakula, au weka mfuko ndani ya koti kifuani. Umeme ukikatika nyumba ikaanza kupoa, lifunge tangi kwa blanketi, acha juu pa kupitia hewa.

Chakula cha vifaranga ni rahisi ukikumbuka kwamba tumbo lao ni kama kichwa cha pini. Saga chakula cha kawaida kati ya vidole mpaka kiwe unga, toa chembe tu, mara tatu hadi tano kwa siku. Walio na muda wanaweza kuangua artemia: mayai yake madogo ya dukani huwekwa kwenye maji ya chumvi yenye joto na hewa inayobubujika, na baada ya siku moja hivi unapata vijidudu vya rangi ya chungwa ambavyo vifaranga huvifukuza kama watoto wanavyofukuza gari la barafu. Ukuaji wake unauona kwa macho. Kiini cha yai la kuchemsha kinafaa pia, lakini kinachafua maji haraka, kwa hiyo kiwe kidogo mno na mabaki yanyonywe kwa mpira siku hiyo hiyo. Wakati wa likizo ya Desemba mkubwa anaweza kukaa wiki moja bila kula, kifaranga hawezi. Mwachie mwenzako vipimo vya siku moja moja vimefungwa kwenye karatasi, usimwachie kopo zima, maana mtu mwenye huruma atawalisha wote mpaka maji yaoze.

Wenye samaki wa ziwani kwetu wasichanganye mambo. Furu wa Ziwa Victoria na wengi wa Malawi wanaouzwa madukani hapa hawazai. Jike hutaga, huyachukua mayai mdomoni na kuyaatamia humo kwa wiki mbili tatu, halafu huwatema watoto wakiwa wamekamilika. Ukimwona koo limejaa na hali chakula, hana ugonjwa wa koo.

Sasa hesabu. Gapi mmoja mzima huzaa watoto 20 mpaka 50 kwa kawaida, na baada ya mwezi anarudia. Tangi la galoni 10 halitoshi hata uzao wa pili wakikua wote. Kuanzia wiki ya nne hivi anza kuwaangalia, na mara tu kile kijiti cha madume kinapoonekana, watenge na dada zao, la sivyo miezi mitatu baadaye una wajukuu. Wengine huamua kuacha majani machache tu na kumwachia mama apunguze idadi. Si kila mtu ana moyo huo, lakini si dhambi. Baadhi ya maduka madogo ya samaki hupokea vifaranga waliokua vizuri na kukupa chakula badala yake; piga simu kwanza. Minnesota Aquarium Society nao hufanya minada ambapo mtu huuza samaki na mimea aliyozalisha mwenyewe.

Usiwamwage ziwani. Sheria ya Minnesota inakataza kuachia samaki wa tangi kwenye maji ya wazi, na gapi wako ndio wa kwanza kuganda mwezi wa kumi na moja, lakini magonjwa na mimea uliyomwaga nao vinaweza kubaki. Samaki wa dhahabu, kwa mfano, haugandi: mwezi wa saba 2021 mji wa Burnsville ulitoa picha za samaki wa dhahabu waliovuliwa Keller Lake, wakubwa kama mpira wa Kimarekani, wakachimbua matope ya chini mpaka maji yakachafuka. Sisi tuliotoka Kisumu, Mwanza na Jinja hatuhitaji kuelezwa sangara alifanya nini. Ukiwa na vifaranga na huna pa kuwapeleka, uliza kwenye mkutano wetu ujao. Kuna tangi tupu kwa watu watatu ninaowajua, na sponji chafu ya bure.